Paa la Safari: Kipi Kikatwe, Kipi Kiachwe

Magari mengi yanayopeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire hayakutoka kiwandani yakiwa ya safari. Yalishuka bandarini yakiwa pikapu za Toyota Land Cruiser au Land Rover za kazi. Ni gereji za Arusha zilizoyarefusha, zikayajengea bodi nyuma, zikayawekea viti saba au nane na paa linaloinuka ili mgeni asimame na kamera yake. Nairobi kazi ni hiyohiyo, na huko hata vibasi vya Hiace vimekatwa paa miaka na miaka.

Shughuli hiyo imezoeleka kiasi kwamba mwenye Land Cruiser ya shamba, mwenye Suzuki ndogo ya milimani au kijana aliyenunua Land Rover Defender chakavu naye anauliza: kwa nini nisijitengenezee? Paa gumu la kiwandani ni ghali na halikai dukani likisubiri mteja. Bati, faiba na fundi wa kuchomelea wako mtaani. Hapo ndipo majibu yanapoanza kugongana. Fundi anasema ni kazi ndogo. Wakala wa bima anasema usithubutu. Trafiki wa kituo kimoja analipitisha gari, mwenzake wa kituo kinachofuata analiweka pembeni. Muuzaji wa magari yaliyotumika anamwambia mteja kwamba gari limeongezwa thamani, na mteja huyo siku akitaka kuliuza anaambiwa limeharibiwa.

Kila mmoja ana ukweli wake. Kinachowachanganya ni kwamba kazi za namna mbili zimetiwa kapu moja. Ya kwanza ni kulifunika gari: paa, paneli za ubavuni, boneti, mabawa juu ya tairi, keria. Ya pili ni kugusa kinacholibeba gari na waliomo: nguzo, fremu ya paa, sakafu inayoshika viti, chasisi. Ya kwanza ikiharibika, mvua itaingia. Ya pili ikiharibika, madhara huonekana siku gari linapopinduka.

Bodi ya kufungwa kwa spana

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu iliyoitwa Birmabright na kuketishwa juu ya chasisi ya chuma, na paneli nyingi zikafungwa kwa bolti. Mwenye spana zake aliweza kuvua paa asubuhi na jioni akawa anaendesha gari la turubai. Kiwanda chenyewe kiliuza gari hilohilo kwa sura kadhaa: la turubai, la paa gumu, la kichwa cha pikapu, la abiria. Kwa nchi za joto kulikuwa na paa la tabaka mbili, hewa ikipita katikati. Utaratibu huo wa vipande uliendelea mpaka Defender ya mwisho ya aina hiyo ilipotoka kiwandani Solihull, Januari 2016.

Toyota nayo haikuwa mbali. Land Cruiser FJ40, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, ilikuwa na paa gumu ambalo kifuniko chake cha juu ni cha faiba, kimeshikwa na ukingo wa chuma. Anayedhani faiba ni ubunifu wa gereji za uchochoroni hajalitazama gari hilo kwa makini. Mfululizo wa 70 ulioanza 1984, ambao ndio uti wa mgongo wa biashara ya safari leo, bado unaketisha bodi juu ya chasisi inayojitegemea, na katikati kuna raba. Pikapu ya mfululizo huo, 79, huunganishwa pia Mombasa kwenye kiwanda cha AVA.

Ujenzi huo ndio chanzo cha utamaduni wote wa kukata na kuunga. Chasisi inabeba injini, gia, springi na mzigo. Bodi imepunguziwa kazi, kwa hiyo mtu anaweza kuibadili na gari likaendelea kutembea.

Kosa linaanza pale ujuzi huo unapohamishiwa kwenye gari lisilo na chasisi. RAV4, X-Trail na mengi ya mjini yanayoitwa ya porini hubebwa na bodi yenyewe. Sakafu, nguzo na paa ni kitu kimoja. Hata Defender mpya iliyozinduliwa 2019 ina jina la zamani tu. Mwili wake ni ganda moja la aluminiamu. Kumkatia mtu paa la gari la namna hiyo ni kumkatia boriti, na fundi aliyelelewa na Land Cruiser asipoambiwa atakata bila wasiwasi.

Misimamo mitatu, na panapovuja kila mmoja

Kuna wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Hoja yao kubwa ni majaribio. Nchini Marekani, kwa mfano, kiwango kinachohusu kubondeka kwa paa kilitaka kwa miaka mingi paa la gari dogo listahimili mara moja na nusu ya uzito wa gari. Mwaka 2009 hitaji likapandishwa hadi mara tatu kwa magari yasiyozidi kilo 2,722. Gereji haina mashine ya kulikandamiza paa mpaka libonyee, wala haina magari ya kuyaharibu kwa majaribio. Kwa hiyo ikikata nguzo, imekata kitu kilichopimwa na kuweka kitu kilichokisiwa.

Hoja hiyo ni nzito, ila haifiki kote inakopelekwa. Hakuna kiwanda kinachouza Land Cruiser ya viti saba yenye paa la kuinuka. Anayeambiwa asiguse anaambiwa, kwa maneno mengine, asifanye biashara ya safari. Pili, paa gumu la Land Rover ya zamani lilikuwa la kuzuia mvua na jua: bati la aluminiamu lililofungwa kwa bolti juu ya kuta nyembamba. Ndiyo maana wenye kusafiri mbali nayo huongeza fremu ya mabomba ndani. Ukilitoa paa kama hilo na kuweka jingine la uimara huohuo, hujapoteza ulinzi wa maana. Hukuwa nao.

Upande wa pili wako watetezi wa gereji, na hoja yao bora si bei. Ni kwamba gari la safari linarudi palepale lilipojengwa. Fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, analiona kila mwisho wa msimu. Anajua bawaba ipi imelegea kwenye makorongo ya Ndutu, kona ipi imepasuka, bati lipi limetoboka. Gari linalofuata analiongezea kipande cha chuma pale pale. Kiwanda cha Japani hakimjui mteja kwa ukaribu huo. Isitoshe, bodi ya bati na bomba za mraba inatengenezeka popote penye mashine ya kuchomelea, iwe Mto wa Mbu au Maralal.

Udhaifu wao uko kwenye ushahidi. "Limekaa miaka kumi" ni kipimo halali cha mitetemo, vumbi na mvua. Si kipimo cha ajali, kwa sababu magari mengi hayapinduki, na linalopinduka huuzwa skrepa kabla fundi hajaja kutazama nguzo ipi ilisalimu amri. Gereji pia haiandiki. Anachokijua huyu jirani yake hakijui, na akistaafu anaondoka nacho.

Kisha wako wajenzi wakubwa wa bodi, kama Hanspaul Automechs ya Arusha, wanaojenga kwa mfululizo na kwa vipimo vinavyojirudia. Vipimo vikijirudia, kosa likigundulika kwenye gari moja linasahihishwa kwa yanayofuata, na mlango wa gari moja unaingia kwenye jingine. Shida ni bei na foleni. Mwenye kampuni ya magari mawili anaishia kwenda kwa fundi wa jirani na picha ya simu: nitengenezee kama hili. Fundi hunakili anachokiona, yaani umbo la nje, mistari ya madirisha, rangi ya kahawia. Kilichomo ndani ya nguzo, mahali bomba lilipopita na unene wake, hakionekani pichani. Magari mawili yanatoka yakifanana kama mapacha, mmoja akiwa hana mifupa.

Bati, aluminiamu au faiba

Ubishi wa vijiwe vya magari kwa kawaida huhusu malighafi, na humalizika kwa ushabiki. Hesabu yake si ngumu. Chukua paa la urefu wa meta 3 na upana wa meta 1.6. Ngozi ya bati la chuma la milimita 1.2 itakuwa na kilo 45 hivi. Aluminiamu ya milimita 2 ni kilo 26. Faiba ya milimita 4 ni karibu kilo 29. Kwa unene huo aluminiamu na faiba zote mbili zinazidi bati kwa ukakamavu wa kutokunjika, maana ukakamavu wa ubao mwembamba hukua kwa mchemraba wa unene: ukizidisha unene mara mbili, unapata mara nane. Kwa ngozi ya paa, basi, bati la chuma ndilo lenye hoja dhaifu. Lina sifa nyingine: kila fundi analijua, bei yake nafuu na likibonyea linagongwa. Ila uzito wake unakaa mahali pabaya kuliko pote kwenye gari.

Pwani bati lina adui mwingine. Wengi hukimbilia mabati yenye zinki wakidhani wamemaliza kutu. Zinki inaungua pale pale panapochomelewa, na moshi wake humwachia fundi homa ya jioni. Baadaye kutu inaanzia kwenye kiungo, mahali ambapo gari linahitaji nguvu zaidi. Bila kusafisha kiungo na kukipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, zinki ya pembeni haisaidii kitu. Na ndani ya bomba la mraba nani ataingiza brashi? Mafundi makini hutoboa tundu dogo chini ya kila nguzo, maji yatoke, na humwaga nta au oili ndani kabla ya kuziba.

Aluminiamu haichomelewi kirahisi, kwa hiyo hushikwa kwa ribiti na gundi ya mpira juu ya fremu ya chuma. Hapo kuna mitego miwili. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa. Wenye Land Rover wanaujua unga mweupe unaotokeza chini ya milango, mahali ngozi ya aluminiamu ilipokunjiwa juu ya fremu ya chuma. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa rangi, utepe au gundi, na kutotumia ribiti za chuma tupu. Mtego wa pili ni jua. Paa likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lililokuwa nalo alfajiri, aluminiamu ya meta 3 hurefuka karibu milimita 2.8, na fremu ya chuma chini yake milimita 1.4. Tofauti hiyo ya milimita 1.4, kila siku, ndiyo inayopanua matundu ya ribiti na kupasua gundi iliyokauka ikawa ngumu. Paa huanza kuvuja mwaka wa pili, na lawama anatupiwa fundi wa rangi.

Faiba inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayomvuta anayetaka kujitengenezea. Haihitaji mashine ya umeme, na ujuzi wake uko mwambao wote kwa wajenzi wa boti. Kazi huanza na kalibu. Kama kuna paa zima la kuazima, linasafishwa, linapigwa nta mara kadhaa, kisha linajengewa ganda juu yake. Ganda hilo likitoka ndilo kalibu, na paa jipya linajengwa ndani yake kuanzia ngozi ya nje kuingia ndani. Kwanza jelikoti, tabaka la nusu milimita litakalokuwa uso wa paa. Kisha mkeka wa faiba, kwa kawaida wa gramu 450 kwa meta ya mraba, unaloweshwa resini na kukandamizwa kwa rola mpaka mapovu yaishe. Kila mkeka ukikauka unatoa takriban milimita moja, na kwa uzito resini huwa kama mara mbili ya mkeka au zaidi kidogo. Anayemwaga resini nyingi akidhani anaongeza nguvu anaongeza uzito na wepesi wa kupasuka. Kinachobeba ni nyuzi.

Hadina, dawa ya kuigandisha resini, huwekwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Vipimo vilivyofaa Arusha asubuhi ya Julai vitaigandisha ndoo mkononi Dar es Salaam mchana wa Februari. Na kuna tahadhari isiyo na mjadala: hadina hiyo isikutane moja kwa moja na kobalti, kichochezi kinachouzwa kwenye kichupa cha pembeni, kwa sababu zikichanganyika zenyewe hulipuka. Kobalti ikorogwe kwanza ndani ya resini, hadina ifuate baadaye. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kulipofua. Hata hivyo utakuta watu wakiipima kwa kifuniko cha soda, bila miwani, mtoto akitazama.

Paa la faiba halioti kutu, na likipasuka linazibwa. Ila halipendi nguvu inayokusanyika sehemu moja. Bolti iliyokazwa juu yake bila bamba pana chini itachora nyufa za nyota kabla ya msimu kwisha. Keria iliyofungwa katikati ya paa la faiba ni kosa la kawaida mno. Mzigo unatakiwa ushuke kwenye ukingo wa chuma, ule mfereji wa maji wa pembeni, na kutoka hapo kwenye nguzo. Faiba pia inaungua, jambo la kukumbuka kwa wenye majiko ya gesi ndani ya gari.

Tundu la kuchungulia

Mpaka hapa tuko kwenye kufunika. Paa la kuinuka ndilo linalotuvusha mpaka.

Boksi la viatu lenye mfuniko uliogundishwa halisokoteki kirahisi. Toa mfuniko, shika ncha mbili, linajipinda mikononi. Bodi ya gari hufuata kanuni hiyohiyo. Ukikata sehemu kubwa ya paa, umeondoa ngozi iliyokuwa ikizuia msokoto pamoja na mbavu zilizokuwa zikishika nguzo za kulia na kushoto zisitengane. Gari litatembea vizuri tu. Dalili za mwanzo ni ndogo: mlango wa nyuma unaogoma kufunga gari likiegeshwa gurudumu moja kwenye tuta, kioo cha ubavuni kinachopasuka bila kuguswa, rangi inayofanya ufa kwenye kona ya dirisha.

Dawa inajulikana: pete kamili za bomba zinazopanda nguzo moja, kupita juu na kushuka nguzo ya pili, moja mbele ya tundu na nyingine nyuma yake, zikiunganishwa na mihimili ya pembeni. Pete ifike chini, kwenye sakafu iliyoimarishwa au kwenye vishikio vya bodi. Pete inayoishia kwenye bati la ubavuni ni pambo, maana gari likiangukia paa itatoboa bati na kushuka.

Halafu kuna uzito wa juu. Tuchukue gari la mfano la kilo 2,500, lenye sentimita 150 kati ya tairi za kulia na kushoto, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 80 kutoka ardhini. Gawa 150 kwa mara mbili ya 80, unapata 0.94. Uwiano huu ndio ambao Marekani huutumia kupangia magari nyota za hatari ya kupinduka. Magari madogo ya kawaida hukaa kwenye 1.3 na kuendelea. Sasa ongeza paa la chuma, fremu na keria, jumla kilo 150 kwenye kimo cha meta 2.1. Kitovu kinapanda zaidi ya sentimita 7, uwiano unashuka hadi 0.86. Wasimamishe abiria sita kuangalia chui, kinapanda tena sentimita tano na ushee.

Kwa pembe tupu hiyo si tofauti ya kutisha. Gari lililosimama ambalo lingepinduka kwenye mteremko wa nyuzi 43 sasa, hata kabla abiria hawajasimama, litapinduka kwenye nyuzi 41, na hakuna dereva anayeegesha hapo. Ila hesabu hii haijaingiza springi zinazolala, tairi zinazobonyea wala usukani unaokatwa ghafla. Hifadhini kikomo cha kilomita 50 kwa saa kinafunika udhaifu mwingi. Hatari iko kwenye lami ya kurudi mjini, na kwenye changarawe iliyolegea pale tairi inapopasuka na dereva akaurudisha usukani kwa nguvu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni viti. Nguvu zote za mkanda wa kiuno huishia kwenye bolti mbili. Kiwango cha Marekani kinataka nanga za mkanda wa kiuno zistahimili newtoni 22,241, sawa na kuzining'inizia zaidi ya tani mbili. Bolti iliyopita kwenye sakafu ya bati la milimita moja, ikiwa na washa ya kawaida chini, haitafika popote karibu na hapo. Itachomoka na kipande cha bati. Mteja anakagua ngozi ya kiti, soketi ya kuchajia simu na friji ya soda. Achungulie chini ya gari. Bamba nene chini ya kila kiti, au bomba linalounganisha nanga na fremu, linaonekana kwa tochi.

Chasisi, kwa ufupi

Kuunga chasisi si kazi ya kujifunzia nyumbani, na hapa wahifadhi wa kiwanda wanashinda. Ukiongeza urefu kati ya tairi, mzigo uleule unaikunja chasisi kwa nguvu zaidi katikati. Kiungo kinatakiwa kiwe mbali na vishikio vya springi, mkato uwe wa mshazari, na bamba za kuimarisha ziishie kwa kuchongoka ili nguvu isisimame ghafla. Baada ya hapo kuna propela shafti ya kurefushwa na kusawazishwa upya, mabomba ya breki na waya wa handbreki. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi isiguswe kabisa. Na kwa magari mapya yenye kompyuta, betri itenganishwe kabla ya kuchomelea chochote; injini ya zamani ya dizeli ya Toyota, 1HZ, ilivumilia mengi ambayo magari hayo mapya hayavumilii.

Kadi inasema nini

Hapa mkanganyiko una sababu ya wazi: sheria zinajua zaidi gari linaloingia nchini kuliko gari linalobadilishwa ndani. Tanzania kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hutaja aina ya bodi, rangi, idadi ya viti na uzito. Pikapu ya viti viwili iliyogeuka gari la viti nane imebadilisha karibu kila mstari, na kadi isiporekebishwa gari lililo barabarani si lile lililosajiliwa. Trafiki anayelizuia hakosei, hata kama mwenzake alilipitisha. Kampuni ya bima ikikataa kulipa fidia baada ya ajali itaanzia hapohapo. Gari la kubeba abiria kwa malipo lina wadhibiti wengine juu yake, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ni mmoja wao.

Kenya imekwenda mbele kidogo. Ina kiwango cha KS 372 kinachoeleza jinsi bodi za magari ya abiria zinavyotakiwa kujengwa. Kilizaliwa na machungu ya mabasi na matatu. Faida yake ni kwamba mjenzi ana kitu cha kupimwa nacho. Kasoro ya viwango vya namna hii ni kwamba humfaa mjenzi mkubwa mwenye michoro na mhandisi, na fundi wa jua kali anayejenga paa moja kwa mwezi anabaki na njia mbili: kufunga kazi au kujificha. Anayejificha hakaguliwi.

Mizani

Kwa paa la kufunika, boneti, mabawa, paneli za ubavuni na milango ya gari lenye chasisi, sioni sababu ya kumzuia mtu kujitengenezea. Achague aluminiamu akiwa bara, faiba akiwa pwani, na alihifadhi bati kwa mahali pa kugongwa na mawe. Makosa yake yatamgharimu fedha na usingizi wa siku za mvua, wala hayatamuumiza abiria.

Kwa paa la kuinuka, viti na nanga za mikanda, gereji ya kati inaweza kufanya kazi nzuri, ila haiwezi kuachiwa ijikague yenyewe. Chasisi iende kwa wachache wenye vifaa. Mpaka huu haufuati bei wala ukubwa wa gereji. Sheria zetu zikiufuata, fundi mdogo atapata sehemu kubwa ya kazi kihalali, na mkaguzi atapata muda wa kutazama kinachostahili kutazamwa.

Ukaguzi wenyewe unafanyika wakati usiofaa. Gari linaletwa likiwa limepakwa rangi na kubandikwa zulia, na mkaguzi anabaki kujaribu taa na honi. Wakati wa kuijua bodi ni siku moja tu, fremu ikiwa imekamilika na bati halijapigwa ribiti: unaona pete zinafika wapi, viungo vimechomelewa pande zote au vimedonolewa, bamba za viti zipo au hazipo. Mteja anaweza kuliweka hilo kwenye makubaliano na fundi bila kusubiri serikali. Malipo ya awamu ya pili yatolewe fremu ikiwa uchi, ikishapigwa picha, na picha zikae na kadi ya gari. Na gari lipite kwenye mizani kabla ya kuingia gereji na baada ya kutoka, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Fundi anayekataa masharti hayo mawili asipewe gari.